Kabla Hujaiwasha Tena: Dalili za Hitilafu katika Kompyuta ya Nyumbani na Namna ya Kuzishughulikia

Hitilafu nyingi zinazoipata kompyuta ya nyumbani huanza zikiwa ndogo: chaja imelegea, vumbi limeziba njia ya hewa, chai kidogo imemwagika, mafaili yamepotea machoni. Kinachoigeuza hitilafu ndogo kuwa hasara, mara nyingi, ni kile ambacho mwenye kompyuta anakifanya katika saa moja inayofuata, kwa sababu ana kazi ya kumaliza na anataka kuiona mashine ikiwaka. Hubonyeza swichi mara ya pili na ya tatu, huazima chaja ya jirani, huifomati flashi, au huendesha programu ya kurekebisha diski aliyoisikia kwa mtu. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili, na kila dalili imeelezwa pamoja na vyanzo vyake, jambo la kufanya, na hasa jambo la kutofanya. Umeandikwa kwa kuzingatia Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Njombe, Mbeya na Tukuyu, ambako baridi, vumbi la kiangazi, radi za msimu wa mvua na umeme unaoyumba vina mkono mrefu katika matatizo haya.

Haiwaki kabisa, au inawaka bila kuonyesha kitu

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani kompyuta isiyopata umeme na kompyuta inayopata umeme lakini skrini yake ni nyeusi. Ukibonyeza swichi na hakuna taa inayowaka, feni haizunguki na hakuna mlio wowote, tatizo lipo kwenye njia ya umeme, na njia hiyo hukaguliwa kuanzia ukutani kuelekea kwenye mashine. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama simu inaingiza chaji. Ikiwa inaingiza, angalia taa ndogo ya chaja ya kompyuta, kama inayo. Taa hiyo ikiwaka chaja inapokuwa peke yake, kisha ikazimika mara tu unapoichomeka kwenye kompyuta, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna shoti ndani ya mashine, na hapo usiendelee kujaribu, kwa kuwa kila jaribio linaweza kuongeza uharibifu mahali palipokwisha kuharibika. Taa ikibaki inawaka vizuri, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutolewa kwa mkono, shikilia swichi ya kuwashia kwa takriban sekunde 30 ili umeme uliosalia ndani uishe, kisha rudisha chaja na ujaribu mara moja. Kompyuta mpakato kadhaa zilizokwisha kutangazwa kufa hurudi kwa hatua hii peke yake, na haigharimu chochote.

Chaja ya kuazima inahitaji tahadhari ya pekee. Kichwa chake kuingia kwenye tundu hakumaanishi kwamba inafaa. Soma maandishi madogo yaliyo juu ya chaja na yale yaliyo chini ya kompyuta: volti lazima zilingane, nyingi zikiwa 19 au 19.5, na ampea za chaja ziwe sawa na zinazohitajika au zaidi, zisiwe pungufu. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka wati 65 huchemka, huchajisha polepole, na baadhi ya kompyuta hupunguza kasi ya prosesa, yaani kipande kinachofanya kazi zote za hesabu ndani ya kompyuta, kwa makusudi zikigundua kwamba chaja si yake, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni uzee wa mashine.

Kwa kompyuta ya mezani ya mtumba, hasa iliyotoka Marekani au Japani, kabla ya kuichomeka kwa mara ya kwanza tazama nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme. Baadhi ya pawasaplai za zamani, yaani visanduku vinavyopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine, zina kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlipuko na kunusa moshi, na pawasaplai itakuwa imekwisha.

Ikiwa taa zinawaka na feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, zima taa ya chumba na umulike skrini kwa tochi ya simu kutoka upande. Ukiona maandishi au picha hafifu, kompyuta ni nzima na kilichokufa ni mwanga wa nyuma wa skrini. Usipoona kitu, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, tatizo ni skrini au waya wake. Isipotokea, mshukiwa wa kwanza ni ramu, kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda, ambayo mara nyingi huwa imelegea au meno yake yameshika uchafu, na kuichomoa, kuyafuta meno hayo kwa kitambaa kikavu na kuirudisha hadi ibane ni kazi ya dakika chache, mradi kompyuta imechomolewa kwenye umeme na betri imetolewa kwanza.

Iliungua umeme uliporudi

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, lakini unaofika kwenye nyumba iliyo mwisho wa laini, hasa jioni watu wanapopika na kupiga pasi, unaweza kuwa pungufu sana. Hapa wengi humkamata mkosaji asiyehusika. Chaja nyingi za kompyuta mpakato zimetengenezwa kupokea volti 100 hadi 240, hivyo umeme mdogo hauziui. Taa ya chumbani inaweza kufifia hadi ikawa nyekundu huku kompyuta ikiendelea na kazi. Kinachoua chaja ni umeme unaozidi, na huo huja katika nyakati tatu: umeme unaporudi baada ya kukatika, radi inapopiga karibu, na waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, unapokatika au kulegea kwenye nguzo.

Jambo hili la tatu halizungumzwi sana, nalo ndilo baya kuliko yote. Laini ya mtaani hubeba fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, na nyutro moja. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, lakini kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikipotea, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zimeunganishwa kwa mfuatano kati ya fezi mbili, na nyumba yenye vifaa vichache vilivyowashwa ndiyo inayopokea volti nyingi zaidi. Dalili yake ni kwamba taa zako zinawaka kwa ukali usio wa kawaida, au zinapanda na kushuka, huku za jirani zikififia. Ukiona hivyo zima swichi kuu ya nyumba hapohapo, kisha chomoa vifaa vyote na uwaarifu TANESCO. Usisubiri kuhifadhi faili.

Umeme ukikatika ukiwa kazini, chomoa chaja au plagi ukutani na usiirudishe mpaka umeme uwe umerudi na kutulia kwa dakika chache, kwa sababu mara nyingi hurudi, ukaondoka, ukarudi tena. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda mfupi unapokatika, si kwa ajili ya kufanyia kazi gizani, bali ili upate dakika za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Stabilaiza husawazisha umeme unaopanda na kushuka, lakini haikupi hata sekunde moja umeme ukikatika, wala haizuii radi. Kwa mwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima, naona fedha ya stabilaiza ingefaa zaidi kununulia diski ya nje ya kuhifadhia nakala.

Kuhusu radi, swichi ya ukutani haitoshi, kwa kuwa pengo la milimita chache ndani ya swichi si kitu kwa radi. Mawingu yanapokusanyika, kama yanavyofanya Tukuyu karibu kila alasiri ya msimu wa mvua, chomoa plagi yenyewe, na uchomoe pia waya wa intaneti na waya wa HDMI unaokwenda kwenye televisheni iliyofungwa dishi. Kuna kompyuta zilizoungua zikiwa hazimo kwenye soketi, kwa sababu radi ilipitia dishi.

Inapiga shoti ukigusa sehemu ya chuma

Mwasho mdogo wa vidole unapogusa ganda la chuma la kompyuta inayochaji haumaanishi moja kwa moja kwamba kompyuta ni mbovu. Ndani ya chaja kuna vipande vidogo vya kuchuja umeme ambavyo hupitisha kiasi kidogo sana cha mkondo kuelekea ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Ethi isipokuwepo, ganda hubaki na volti zinazokaribia nusu ya zile za ukutani, mkondo ukiwa mdogo mno kukudhuru lakini wa kutosha kuusikia, hasa ukiwa miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji. Kwa hiyo tafuta ethi kabla ya kutafuta kompyuta nyingine.

Mara nyingi utaikosa kwenye plagi yenyewe. Soketi zetu za matundu matatu zina vifuniko vya ndani ambavyo hufunguliwa na mguu mrefu wa ethi. Mwenye plagi ya miguu miwili ya duara hutumbukiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili vifuniko vifunguke, kisha huisukuma plagi kwa nguvu mpaka iingie. Miguu ya duara haibanwi sawasawa na vibamba vilivyotengenezwa kwa ajili ya miguu ya mstatili, hivyo mgusano hulegea, hutoa cheche, na plastiki ya soketi huanza kuwa ya kahawia. Kompyuta ya namna hii huchaji na kuacha, huchaji na kuacha, na mwenyewe hununua betri mpya ilhali tatizo liko ukutani. Badilisha plagi, au tumia adapta imara ya miguu mitatu. Lakini iwapo shoti ni kali kiasi cha kukurusha mkono, au inasikika pia kwenye bomba na kwenye friji, hilo ni suala la fundi umeme wa nyumba, na kompyuta ikae pembeni hadi atakapomaliza.

Inachemka, feni inanguruma, kisha inajizima

Kompyuta inayojizima ghafla baada ya dakika kumi au ishirini za kazi nzito, na kuwaka tena ikipoa, kwa kawaida inajilinda. Prosesa nyingi hupunguza kasi zenyewe joto linapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na likizidi huzima mashine. Anayeiwasha tena hapohapo, akarudia na kurudia, anaipika.

Watu wa huku hushangaa kuambiwa kwamba kompyuta yao inakufa kwa joto, maana wao wenyewe wamevaa masweta. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Hewa ya kimo cha Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya sita, kwa hiyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile huondoa joto dogo zaidi. Baridi yetu hufidia upungufu huo mradi tu njia ya hewa iwe wazi, na ndiyo maana kosa la kuiziba linatugharimu. Kati ya Juni na Agosti, usiku wa Njombe au Makete, mtu hupanda kitandani na kompyuta, akaiweka juu ya blanketi zito, na blanketi likaziba matundu yote ya chini. Ubao wa kawaida, hata sinia kubwa la bapa, ukiwekwa kati ya kompyuta na blanketi unatosha kuliondoa tatizo. Kosa la pili linalofanana na hilo ni kufunga kifuniko tu, kuitia kompyuta kwenye begi ikiwa bado haijazimika, na kuanza safari. Hukutwa begini imechemka na betri imekwisha.

Kama njia ya hewa iko wazi na bado inachemka, chanzo ni vumbi. Ukifungua kompyuta mpakato iliyotumika miaka mitatu karibu na barabara ya vumbi, utakuta feni yenyewe si chafu sana. Uchafu umekaa pale feni inapokutana na mapezi membamba ya shaba ya kupoozea, ambapo nyuzi za nguo, nywele na vumbi vimeshikana vikawa utando mmoja mnene unaoweza kubanduliwa kwa koleo kama kipande cha kofia ya sufu. Kupuliza kutokea nje huusogeza utando huo bila kuutoa. Mafinga, ambako vumbi la mbao limo hewani, na mashambani Usangu wakati wa kiangazi, usafi wa ndani mara moja kwa mwaka si anasa.

Wapo wanaoipeleka kompyuta kwa fundi wa pancha ili ipulizwe kwa kompresa. Sikushauri. Kompresa za matairi hukusanya maji na mafuta ndani ya tangi, navyo hutoka pamoja na hewa. Tena mkandamizo wake huizungusha feni kwa kasi ambayo haikutengenezewa na kuharibu beringi zake. Ukipuliza kwa kitu chochote, ishikilie feni kwa kijiti isizunguke. Ikiwa kompyuta ni ya miaka mingi, mwambie fundi abadilishe pia ule ute wa kijivu ulio kati ya prosesa na bamba la kupoozea, kwa kuwa hukauka na kuacha kupitisha joto.

Imemwagikiwa, au imetoka kwenye baridi

Maji, chai au soda vikimwagika kwenye kibodi, zima kompyuta kwa kushikilia swichi bila kujali kazi iliyofunguliwa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha ifungue kifuniko na uilaze kifudifudi juu ya taulo ili kilichoingia kirudi kilikotoka. Hapa ndipo mkono unapowasha kutaka kujaribu kama bado inafanya kazi, na hapa ndipo bodi nyingi, yaani ubao mkuu wa ndani wenye njia za umeme, hufa. Maji peke yake huharibu kidogo. Maji pamoja na umeme hula njia za shaba kwa muda mfupi. Usiweke kwenye mchele, kwa kuwa mchele haunyonyi unyevu ulio chini ya kibodi na unga wake huingia kwenye matundu. Usiipashe kwenye jiko la mkaa wala kwa mashine ya kukaushia nywele. Maji safi yanaweza kukauka kwa siku mbili au tatu mahali pakavu penye hewa, lakini chai ya maziwa yenye sukari haikauki ikaisha: huacha gundi inayopitisha umeme na kualika sisimizi, hivyo kompyuta hiyo lazima ifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti safi kabla ya kuwashwa.

Unyevu huja pia bila mtu kumwaga kitu. Kompyuta iliyokaa usiku kucha kwenye buti la basi au stoo yenye baridi, ikiingizwa ghafla kwenye sebule yenye jiko la mkaa na chungu kinachochemka, hupata umande ndani kama kioo cha dirisha kinavyopata. Iache ndani ya begi lake kwa saa moja au zaidi ipate joto taratibu, kisha ndipo uiwashe.

Inakuwa nzito, na diski inatoa mlio

Uzito wa kompyuta una vyanzo vingi, na njia ya haraka ya kuvitenganisha kwenye Windows ni kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha kuangalia ni safu gani imejaa. Kumbukumbu ikijaa, umefungua mambo mengi kuliko ramu yako, au programu nyingi zinajiwasha zenyewe kila unapowasha kompyuta. Prosesa ikijaa bila wewe kufanya kitu, soma sehemu ya matangazo yanayojifungua hapa chini. Diski ikibaki kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu wakati hakuna kazi kubwa, na mafaili yakachelewa kufunguka au kompyuta ikawa inaganda kwa nusu dakika kisha inaendelea, iogope diski yenyewe.

Diski ngumu ya kuzunguka, ambayo bado imo kwenye kompyuta nyingi za mtumba, huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vyake vya kusomea huelea juu ya sahani kwa pengo dogo sana kuliko unene wa unywele. Kuihamisha kompyuta huku na kule ikiwa inafanya kazi, au kuifungua mapajani ndani ya gari linaloruka mashimo, ni kukaribisha vichwa hivyo viikwaruze sahani. Ukianza kusikia mlio wa kurudiarudia, tiki, tiki, tiki, kila sekunde moja hivi, diski iko mwishoni.

Katika hali hiyo kuna mambo matatu ambayo watu huyafanya kwa nia njema nayo huimaliza diski: kuendesha chkdsk (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), kupanga upya vipande vya mafaili, na kuanza kusakinisha Windows upya. Yote matatu huifanyisha diski kazi nyingi ya kusoma na kuandika, wakati ambapo huenda imebakiwa na dakika chache tu za uhai. Dakika hizo zitumie kunakili, ukianza na kile kisichopatikana tena: tasnifu, hesabu za duka, picha za familia, nakala za vyeti na hati za kiwanja. Muziki na filamu zisubiri. Ikiwa mlio ni mkubwa na data ni ya thamani kweli, usiiwashe hata kidogo, bali mtafute mtu anayejua kazi ya kuokoa data. Baadaye, weka SSD, aina ya diski ambayo haina kitu kinachozunguka; kwa kompyuta ya zamani ndiyo badiliko moja linaloonekana kuliko ramu au prosesa.

Nakala nazo zina kosa lake. Nakala iliyo kwenye diski ileile, katika folda nyingine, si nakala. Diski ya nje inayolala ndani ya begi lilelile la kompyuta itaibiwa pamoja nayo. Angalau nakala moja ikae nyumba nyingine, au kwenye hifadhi ya mtandaoni kama bando linaruhusu.

Mafaili kwenye flashi yamegeuka kuwa njia za mkato

Flashi iliyorudi kutoka steshenari ikiwa na alama za njia za mkato mahali palipokuwa na folda zako, huku ukubwa uliotumika ukiwa uleule wa zamani, haijapoteza kitu. Kirusi kimeyapa mafaili yako sifa ya kufichwa, kikaweka badala yake njia za mkato zenye majina yaleyale, ambazo ukizibonyeza huendesha kirusi kwanza na ndipo folda ifunguke, ili usitilie shaka. Kosa la kwanza ni kubonyeza. La pili, ambalo ndilo linaloleta kilio, ni kuifomati flashi kwa kudhani kwamba mafaili yamekwisha kuharibika.

Ihakiki kwanza kwa antivirusi iliyo na taarifa mpya. Ile inayokuja na Windows inatosha kwa mtumiaji wa nyumbani, na kuweka mbili kwa pamoja huzifanya zigombane na kuilemea kompyuta. Kisha fungua kidirisha cha amri (Command Prompt), na kama flashi imepewa herufi E, andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` na ubonyeze Enter. Folda zako zitajitokeza, pengine ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili nyaraka zako tu, futa njia za mkato na faili lolote usilolijua, na hapo ndipo unaweza kuifomati flashi kwa amani.

Mtu anayechapisha mara kwa mara kwenye steshenari za Mwanjelwa mjini Mbeya au Kihesa mjini Iringa awe na flashi ndogo ya kazi hiyo peke yake, isiyobeba chochote ila faili la siku hiyo, au alitume faili kwa barua pepe ya steshenari na kuiacha flashi nyumbani.

Matangazo yanajifungua, feni inanguruma bila kazi

Ikiwa kivinjari kinafungua kurasa usizoziomba, au prosesa inafanya kazi kwa nguvu kompyuta ikiwa imetulia, jiulize ni programu gani uliisakinisha mwishoni. Mara nyingi ni programu ya kulipia iliyopatikana bure, ikiwa na maelekezo kwamba antivirusi izimwe kwanza. Maelekezo hayo yenyewe ndiyo dalili. Iondoe, chomoa intaneti, hakiki mashine nzima, kisha ubadilishe maneno ya siri ukitumia kifaa kingine kilicho safi. Mafaili yakiwa yamebadilika majina na kuna ujumbe wa kudai fedha, zima kompyuta na usilipe. Dirisha linalolia na kukutaka upige simu kwa sababu kompyuta yako ina virusi ni utapeli, na hufungwa kwa Alt na F4.

Wapo pia waliozima masasisho kwa kuhofia bando. Hofu hiyo ina haki yake, lakini dawa yake ni kuitambulisha intaneti ya simu kwenye Windows kama mtandao unaopimwa matumizi, ili masasisho makubwa yasubiri mpaka uyaruhusu mwenyewe usiku bando likiwa rahisi. Tena, usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayenunua kompyuta ya mtumba sasa aulize kabla ya kulipa kama inaweza kubeba Windows 11.

Padi ya kugusa imeinuka, na saa inarudi nyuma

Kibodi au padi ya kugusa ikivimba kuelekea juu, au kompyuta ikakataa kukaa sawa mezani, betri imefura kwa gesi. Acha kuichaji, zima, na usiikandamize irudi mahali pake. Usiitoboe, wala usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa moto, kwa sababu betri ya lithiamu ndani ya moto hulipuka.

Dalili nyingine ya betri haina hatari ila husumbua vichwa. Kompyuta inaonyesha tarehe ya miaka iliyopita kila inapochomolewa, na tovuti zote, hata za benki, zinasema kwamba muunganisho si salama. Watu husakinisha Windows upya kwa ajili hii, wakati kilichoisha ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi, ya volti 3, ambayo mara nyingi ni aina ya CR2032 na huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki na ya saa kwa bei ndogo.

Unapoipeleka kwa fundi

Mweleze fundi ulichokiona kwa mpangilio wake, ikiwa ni pamoja na yale uliyoyafanya wewe. Fundi asiyejua kwamba chai ilimwagika ataanza kwa kuichomeka kwenye umeme. Andika namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine, na aina na ukubwa wa diski na ramu kabla hujaiacha. Neno la siri la kompyuta badilisha kwa muda, na ujiondoe kwenye akaunti za benki na barua pepe. Kifaa kinachobadilishwa udai kile cha zamani, na diski ya zamani hasa usiiache dukani hata kama imekufa, kwa kuwa diski isiyowaka kwako inaweza kusomwa na mwingine mwenye vifaa, na picha zako bado zimo.